Garaje ya njia ya Kasenga: moteri iliyoharibiwa na matengenezo ya kwanza, ikafunguliwa upya na kupona

Kama moteri ya gari lako ilishafunguliwa na mtu na tangu siku hiyo haijatulia, mahali pa kuipeleka hapa Lubumbashi ni garaje moja ndogo ya Kampemba, ukiacha chaussée de Kasenga na kuingia ndani kidogo. Nasema hivyo bila kusita. Gari langu lilifika pale likivutwa kwa kamba, na leo linanipeleka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kunirudisha nikiwa sijaongeza hata tone la maji.

Mwenye garaje hapendi jina lake litembee kwenye simu za watu. Mtaani wanamwita Papa tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Ni mtu wa zamani wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, aliyekaa kwenye ateliye za mitambo na kutoka pamoja na maelfu walioondoka kwa «départ volontaire», yaani kuacha kazi kwa hiari, mwaka 2003. Hilo nalitaja kwa sababu linaonekana kwenye kazi yake. Kitu hakitoki mezani kwake bila kupimwa, na kipimo kinaandikwa kwenye daftari.

Gari ni Toyota Harrier ya mwaka 2004, lita 2.4, ile moteri inayoitwa 2AZ-FE. Mjini hapa ziko nyingi, zinatoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam. Mimi nauza vitenge. Mizigo naichukua mpakani, kwa hiyo gari likilala na biashara imelala. Wenye moteri hiyo wajue jambo moja: bloku yake, yaani mwili wa moteri wenye silinda, ni ya aluminiamu, na bolti zinazoshika kulasi, kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, zinaingia moja kwa moja kwenye aluminiamu hiyo. Kwenye moteri nyingi za miaka ile, meno ya matundu ya upande wa nyuma, ule unaotazama kwenye viti, huchoka na kung'oka. Bolti inabaki inaelea, kulasi inanyanyuka kidogo, maji yanaanza kuvuja kwa nyuma ambako huoni kitu mpaka uingie chini na taa. Ugonjwa huo ndio uliokuwa kwangu mwanzoni, na ulikuwa bado mdogo: maji yalipungua polepole, na moteri ikipata moto kulikuwa na harufu tamu tamu upande wa egzosti, bomba la moshi.

Garaje ya kwanza, ambayo siitaji, walisema ni jwenti ya kulasi, ile inayoziba kati ya kulasi na bloku. Wakafungua, wakabadilisha jwenti, wakafunga, wakachukua hela. Gari likatembea vizuri kwa muda. Halafu siku moja niko kwenye foleni ya malori ya shaba kuelekea mpakani, ile ya kusogea hatua moja na kusimama, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na mvuke ukatoka. Nilipovuta kijiti cha mafuta, mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia humo. Na ile taa nyekundu ya presha ya mafuta ilikuwa inawaka na kuzimika kila moteri ikiwa inazunguka polepole. Niliwarudishia. Wakaniambia moteri imekufa, ninunue nyingine ya Dubai. Moteri ya mtumba ya namna hiyo nilikuwa nimeambiwa dola 1,200, bila kazi ya kuifunga, na hakuna anayekuhakikishia nayo imepitia mikono gani.

Ndipo shemeji yangu, dereva wa malori, akaniambia nimpelekee Papa.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba hakuchukua fungulo. Alivuta kiti, akaniuliza maswali. Walifungua lini? Walibadilisha nini? Bolti ni mpya au zile zile? Termostati iko? Walitumia gundi gani? Nilimpa karatasi ya garaje ya kwanza, ambayo ilikuwa na mstari mmoja tu: «jwenti + kazi». Akaisoma, akairudisha, akasema: «Mama, hapa hatutengenezi gari ya Toyota. Tunatengeneza kazi ya mutu. Ni kitu ingine, inaomba muda.»

Kisha akapima kabla ya kufungua. Alitoa buji zote nne, zile plagi za kuwasha moto, akapima presha ya kila silinda, mimi niko pembeni naangalia saa ile ya kupimia. Tatu zilisoma karibu bari 12. Moja ilisoma 8. Alinieleza kwamba kwenye moteri hii silinda hazitakiwi kupishana zaidi ya bari 1 hivi. Halafu akaweka juu ya radiateri chupa yenye maji ya buluu, akavuta hewa ya ndani ipite humo. Maji yakageuka njano. Maana yake moshi wa moteri unaingia kwenye maji ya kupoza. Kwa hiyo hata kulasi haijafunguliwa, tulishajua pamoja tatizo liko wapi, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Garaje ngapi mjini hapa zinamruhusu mwenye gari asimame pale?

Walipoinua kulasi alinipigia simu. «Mama, kuya uone mwenyewe mbele bana hawajagusa kitu.» Yaani nije kabla vijana wake hawajagusa. Nilikwenda, na nitaeleza nilichokiona kwa sababu wenye magari wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Bolti ziko 10. Alikuwa amezipanga juu ya katoni iliyotobolewa matundu, kila moja mahali pake, na namba kwa kalamu. Tatu za nyuma zilitoka na aluminiamu imezizunguka: yale meno ya bloku yenyewe, yameng'oka na kubaki kwenye chuma cha bolti. Na juu ya aluminiamu hiyo kulikuwa na gundi. Yaani yule wa kwanza alikuta matundu yamekwisha, akajaza gundi, akarudisha bolti, akakaza mpaka akahisi zimeshika. Papa alichukua moja akaizungusha kwenye tundu kwa vidole viwili, ikaingia mpaka chini bila kukataa. «Ule mutu alijua,» akasema. Hakuongeza neno. Mimi ndiye nilisema mengi siku ile.

Bolti zenyewe zilikuwa za zamani. Hizi hukazwa kwa kipimo halafu zikaongezwa robo ya mzunguko, zinavutika kidogo, na kuvutika huko ndiko kunakoshika kulasi. Zikishavutika kupita urefu wake hazina nguvu tena, hata ukizikaza mpaka mkono uume. Papa alizipima urefu moja moja mbele yangu, nusu hazikufaa.

Halafu uso wa kulasi. Kwa macho yangu ulikuwa unang'aa, nikadhani ni mzuri. Papa aliweka rula ya chuma juu yake, nzito, akaingiza vibati vyembamba vya kupimia chini ya rula. Kibati cha milimita 0.05 ndicho mwisho unaoruhusiwa. Kwangu kiliingia cha 0.20, katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Kung'aa kule kulikuwa ni alama za disiki ya msasa: walisafisha jwenti ya zamani kwa mashine ya kusugua, wakachimba mabonde ambayo jwenti mpya ya chuma haiwezi kuyaziba.

Na msasa ule haukuishia juu. Hapa ndipo nataka msomaji akae nami, maana ndipo garaje nyingine ingefunga na kunirudishia gari. Papa alisema hatafunga juu kabla ya kuangalia chini, kwa sababu ya ile taa ya presha ya mafuta. Nilibisha kidogo, ilikuwa ni hela nyingine. Akaniambia nikitaka afunge ataifunga, lakini haandiki jina lake kwenye kazi hiyo. Nikakubali.

Walishusha karteri, lile bakuli la mafuta chini ya moteri. Kichujio kile kinachovuta mafuta, wavu mdogo tu ambao ungefunikwa kwa kiganja, zaidi ya nusu kilikuwa kimezibwa na silikoni. Vipande vya rangi ya chungwa, virefu, laini. Ukipaka silikoni nyingi kwenye kiungo, nusu inatoka nje unaiona na kuifuta, nusu inasukumwa ndani ambako hakuna wa kuifuta. Inakatika, inaelea kwenye mafuta, inakwenda moja kwa moja kwenye wavu. Moteri inaanza kunyimwa mafuta huku kijiti kinaonyesha yamejaa. Bwana mdogo mmoja wa garaje alizitoa kwa kibano akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Ninacho kifuniko hicho nyumbani.

Kusineti za bieli, vile vibati laini ambavyo mikono ya pistoni inazungukia juu ya vilebrekeni, zilikuwa zimekwaruzwa, mbili vibaya zaidi. Ni unga wa ile disiki. Unga ule ni mgumu kuliko chuma laini cha kusineti, unaingia na mafuta na kusaga polepole. Bahati njema vilebrekeni yenyewe, ule mhimili mkuu unaozunguka, ilikuwa bado ndani ya kipimo, ikang'arishwa tu. Kusineti mpya aliziweka na kipande cha uzi laini wa plastiki katikati, akakaza, akafungua tena, akapima ule uzi umelala upana gani. Upana huo ndio unaokwambia mafuta yatapita kwenye nafasi kiasi gani. Alifanya hivyo kwa zote nne, jioni, na tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika.

Nikija kwenye matundu ya bloku: hakutengeneza matatu yaliyokufa tu, alifanya yote 10. Kila tundu linapanuliwa, linachongwa meno mapya makubwa zaidi, linaingizwa bomba dogo la chuma lenye meno ndani, na bolti mpya inashika chuma badala ya aluminiamu. Sababu aliyonipa ni kwamba ukitengeneza matatu, saba yaliyobaki yana umri ule ule. Kazi hiyo inataka kifaa cha kuongoza kekee isimame wima kabisa. Ikienda upande kidogo tu, bloku inatupwa. Kifaa anacho. Mabomba hayo hakuwa nayo, yaliagizwa, na hapo ndipo nilisubiri sana. Kabla ya kuingiza bolti alipuliza kila tundu kwa hewa ya kompresa, akapitisha kitambaa, akapuliza tena. Maji au mafuta yakibaki chini ya tundu, bolti ikishuka haina pa kuyasukuma, inapasua bloku. Sikuwahi kulijua hilo, na nimeendesha gari tangu nikiwa msichana.

Kulasi ilikwenda kwa turneri, fundi wa mashine za kuchonga chuma, kunyooshwa. Walitoa kidogo sana, kiasi cha kufuta yale mabonde. Papa alikataa watoe zaidi, kwa kuwa kulasi ikipungua presha inabadilika na mnyororo wa juu, ule unaoendesha valvu, unalegea. Kazi ya mnyororo, nikubali, yule wa kwanza aliifunga vizuri. Alama zote zilikuwa mahali pake na Papa mwenyewe alilisema wazi.

Kuhusu termostati nina neno kwa watu wote wa mji huu, kwa sababu karibu kila fundi anaitoa na kukwambia «huku kwetu kuna joto, haifai». Yangu pia ilikuwa imetolewa. Termostati inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Chini ya hapo inazuia maji ili moteri ipate joto lake. Ukiitoa, moteri inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga esansi (petroli) nyingi, na ile esansi ya ziada inaosha mafuta kwenye kuta za silinda. Nilikuwa nalalamika esansi inakwisha haraka, nikadhani ni foleni. Na mfuniko wa radiateri nao ulikuwa umechoka. Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyofungiwa yanachemka hapa kwenye nyuzi 96, hayafiki 100. Mfuniko ndio unaoyafungia kwa presha yasichemke mpaka karibu 120. Mfuniko wa dola chache, ukiwa mbovu, unatosha kukuchemshia gari kwenye foleni hata kama kulasi ni mpya. Papa alirudisha termostati, akaweka mfuniko mpya, akaosha mifereji yote maana walikuwa wamejaza maji ya kisima na chokaa ilishaganda, kisha akatia maji mekundu ya Toyota.

Mwisho alisukuma presha kwenye radiateri kwa pampu ya mkono, akaiacha usiku kucha. Asubuhi mshale ulikuwa pale pale. Presha za silinda alizipima tena mbele yangu: zote nne zilipishana kwa chini ya nusu bari.

Hela. Nililipa dola 840 kwa jumla: vipande na mabomba ya chuma karibu 430, turneri 90, mafuta na maji 60, iliyobaki ni kazi ya mikono. Si kidogo kwangu. Lakini nikipiga hesabu, ile dola 300 niliyotoa garaje ya kwanza ndiyo iliyoniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya hizi 840 ni kuondoa walichofanya. Kusineti hazikuwa mbovu kabla yao. Uso wa kulasi haukuwa na mabonde kabla yao. Ugonjwa wenyewe wa mwanzo, matundu yale, ungetibiwa kwa nusu ya bei hii.

Yasiyonipendeza nayasema pia. Papa ni mpole mno kwenye suala la tarehe. Anakwambia «wiki hii», na wiki inapita. Mabomba yalipochelewa hakunipigia, mimi ndiye nilikuwa napiga, na nilipoteza wateja wa mwisho wa mwezi. Mtu anayefanya kazi safi kiasi hiki anaweza kuweka kijana mmoja wa kupiga simu. Uwanja wake hauna paa la kutosha, magari yanalala juani na vumbi la njia linaingia; sehemu ya kufungia moteri ameizungushia turubai na anamwaga maji chini kabla ya kazi, hilo nililiona, lakini kipindi cha mvua sijui angefanyaje na magari matatu kwa pamoja. Na karatasi ya malipo ilibidi niiombe. Aliponiandikia lakini, aliandika kila kitu kwa mstari wake, pamoja na vipimo vya kabla na baada. Nimeiweka pamoja na karatasi za gari.

Alinitaka nirudi baada ya kilomita 500 kubadilisha mafuta, ili yatoke na uchafu wowote uliobaki. Nilirudi. Alikata kichujio cha zamani kwa msumeno, akakunjua karatasi yake juani, akaipekua mkunjo kwa mkunjo akitafuta chembe zinazong'aa. Hakukuwa na kitu. Hakunitoza kazi, nililipia mafuta tu. Tangu hapo nimepanda na kushuka njia ya mpakani nikiwa na mzigo mpaka dari, nimekaa kwenye foleni ile ile ya malori saa za mchana, na mshale wa joto haujapita katikati. Ile taa nyekundu sijaiona tena isipokuwa ninapowasha.

Ukitaka kumwona, nenda asubuhi kabla ya saa mbili, baada ya hapo anakuwa chini ya gari na hatoki. Jumapili hafungui. Nenda na karatasi ya aliyetengeneza kwanza hata kama ina mstari mmoja, na kama walikurudishia vipande vya zamani vibebe vyote, atavipanga mezani na kuvisoma kimoja kimoja. Usioshe moteri kabla ya kumpelekea. Anataka kuona maji yalivujia wapi. Na mwambie mapema kwamba unataka tarehe iliyoandikwa.